Saa Kumi na Saba na Nusu

Alifuta viatu kwenye mkeka wa mlangoni mara nne, na mara zote nne hakuvitazama viatu. Alikuwa anatazama ukutani, kwenye misumari ya makoti, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo. Nikajua anahesabu. Makoti ya watoto yalikuwa sita, na kisheria watano tu wanatosha kuifanya nyumba iwe shule.

"Naitwa Lubbock," alisema. "Mimi ni mkaguzi wa shule. Mwenye nyumba yupo?"

Nilinyoosha kidole kuelekea jikoni. Sikuwa na maneno mengi na wageni, na hata na wenyeji sikuwa nayo.

Sheria niliijua kwa sababu Bi Maud Thirkettle alikuwa ananieleza kila tulipomenya viazi. Ukifundisha watoto watano au zaidi, wa umri wa kwenda shule, na ukawafundisha muda kamili kama shule zinavyofanya, basi wewe ni shule binafsi, utake usitake. Itabidi uandikishwe, uweke milango ya kuzuia moto, uwe na mafaili ya kanuni marefu kama kabati. Ukiendesha bila kuandikishwa ni kosa la jinai. Bi Maud alikuwa na miaka sabini na minne, na mlango wake wa nyuma ulikuwa unafungwa kwa kamba. Watoto walishazidi idadi. Kilichobaki kumlinda ni muda tu. Mwongozo wa serikali unasema ukizidi saa kumi na nane kwa wiki, utahesabiwa kuwa karibu na muda kamili. Yeye alifundisha saa kumi na saba na nusu, na alizipima kwa kisaa cha kuchemshia mayai.

Kila Alhamisi saa sita mchana kisaa kililia, Bi Maud akavua miwani, akafunika ubao kwa taulo la kukaushia sahani, na kuanzia hapo hadi Jumatatu ilikuwa marufuku mtu yeyote kujifunza kitu ndani ya nyumba ile. Watoto walibaki, kwa sababu wazazi wao walikuwa kazini kwenye kiwanda cha kuku hadi saa kumi. Lakini hawakuruhusiwa hata kumwita Mwalimu. Alikuwa Bibi Maud. Wilf, mwenye miaka saba, akiuliza kwa nini mwezi unaonekana mchana, aliambiwa alikumbuke swali hadi Jumatatu. Asiliandike, maana kuandika ni somo.

Bwana Lubbock alikuja Alhamisi, saa saba na nusu.

"Tumepata barua isiyo na jina," alisema, akikaa. "Inasema hapa pana shule."

"Utakunywa chai," Bi Maud alimwambia. Hakuwa anauliza. "Mizelli, chai ya Bwana Mkaguzi."

Niliweka birika motoni. Watoto sita walikuwa wamezunguka meza kimya, mikono magotini, kama watu waliokamatwa na mali ya wizi.

"Sasa hivi wanafanya nini?" aliuliza Bwana Lubbock.

"Hawafanyi kitu. Nasimamia mwenyewe wasifanye."

Tabitha, mkubwa wao, alikuwa na kisu na keki. Aliikata vipande vitatu, halafu kila kipande akakigawa mara tatu. Tulikuwa tisa mle ndani. Bwana Lubbock akatoa kalamu.

"Hiyo ni hesabu ya sehemu," alisema.

"Hiyo ni keki," alisema Bi Maud.

"Amegawanya kwa tisa."

"Kwa sababu wewe umekuja. Ungebaki kwako angegawanya kwa nane, na ingekuwa rahisi zaidi. Kula."

Akala. Watu wa huku ukiwapa keki na chai hawawezi tena kukufokea, na Bi Maud alilijua hilo kuliko mimi. Wilf alinyoosha mkono juu, akakumbuka siku, akaushusha na kuukalia.

"Ana swali," alisema Bwana Lubbock.

"Analo hadi Jumatatu," alisema Bi Maud.

"Ninayo matatu," Wilf akasema kwa huzuni. "Moja nimeshalisahau."

Bwana Lubbock aliandika kitu. Niliona shingo ya Bi Maud inaanza kuwa nyekundu. Nadhani naye mkaguzi aliona, maana alianza kuongea kwa upole ili kupunguza makali. Ukutani palikuwa na picha ya Mfalme Henri wa Nane, yule mnene wa Uingereza ya zamani. Akaielekezea kijiko.

"Huyu mzee naye," alisema. "Wake sita, na wote akawakata vichwa."

Watoto wote sita waligeuza nyuso kwa Bi Maud kwa pamoja. Tabitha alifumba mdomo mpaka midomo ikapotea. Wilf alifungua wake.

"Wawili t—"

"Wilf, kula keki."

"Lakini Bibi, ni wawili t—"

"Kuna keki mdomoni mwako."

Bi Maud mwenyewe alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Alifundisha historia miaka thelathini na tisa kwenye shule ya mjini kabla ya kustaafu. Nilimwona anapigana na nafsi yake. Akatazama kisaa cha mayai, akatazama picha, akamtazama mkaguzi.

"Bwana Lubbock, una umri gani?"

"Hamsini na miwili. Kwa nini?"

"Basi wewe huhesabiki. Watoto, geukeni ukutani. Zibeni masikio."

Waligeuka, wakaziba masikio. Bi Maud akavaa miwani. Alimfundisha Bwana Lubbock dakika kumi na mbili, mke baada ya mke: nani alipewa talaka, ni wawili gani tu waliokatwa vichwa, nani alikufa baada ya kujifungua, nani alibaki hai akamzika. Alimfanya arudie. Alipokosea mke wa nne, alimrudisha kwenye wa kwanza. Jasho lilimtoka mkaguzi kwenye mdomo wa juu, na vidole vya watoto, niliona vizuri kutoka kwenye sinki, vilikuwa mbali na masikio kwa upana wa sarafu.

"Sawa," alisema Bwana Lubbock mwishoni, kwa sauti ya mwanafunzi aliyebakizwa kwa adhabu baada ya vipindi. "Nimeelewa. Hilo halihesabiki." Akafuta uso. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe binti, una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Unafanya kazi hapa?"

"Napika. Naosha."

"Uko hapa wiki nzima. Unaona kila kitu. Niambie wewe, hapa ni shule?"

Bi Maud alivua miwani. Nilijua jibu langu litaingia kwenye ile karatasi, na karatasi ndiyo ingemfungia jiko lake au isimfungie. Niliongea na bomba la maji kwa sababu bomba halinitazami.

"Shule naijua, bwana. Nilisoma mpaka miaka tisa, tulipohamisha karavani, ile nyumba yetu ya magurudumu. Shuleni walinikalisha nyuma karibu na makoti, wakaniita jina la ukoo wangu kama tusi. Hakuna aliyenipa keki, na swali langu hakuna aliyeniambia nilikumbuke. Hapa hapafanani nako hata kidogo."

Sikuwahi kusema sentensi nyingi hivyo mfululizo. Bwana Lubbock aliandika mstari mmoja, akafunga faili. Mlangoni alimwomba Bi Maud amtajie tena tu jina la mke wa nne. Alisema ni kwa ajili yake mwenyewe.

Barua ya majibu ya ukaguzi ilifika baada ya wiki tano. Bi Maud aliitia kwenye fremu, akaitundika chooni, mahali ambapo watu wa huku hutundika vitu wanavyojivunia sana. Mimi ndiye ninayesafisha kile choo. Nikifuta kioo cha fremu naisoma polepole, neno kwa neno, mpaka mwisho: mahali hapa si shule kwa mujibu wa sheria. Niliingia nyumba ile nisiweze kusoma pakiti ya unga. Nimejifunza nikiwa nimewapa mgongo, mikono kwenye maji, kila wiki katika zile saa kumi na saba na nusu, na Bi Maud hajui, au anajua na ndiyo maana huongea kwa nguvu kuelekea sinki.

Nilimdanganya Bwana Lubbock. Ilikuwa shule.