Madirisha ya Lusia

Mwaka 1975, Lusia aliporuhusiwa kutoka wodi ya kifua kikuu, muuguzi alimwita mumewe pembeni. "Sindano asikose. Na asilale tena kwenye nyumba isiyo na dirisha. Anahitaji hewa safi, baba."

Fanueli, mkulima wa pareto milimani Mbeya, alikuwa mtu wa kusikia jambo na kulivalia njuga. Nyumba yao ya udongo ilikuwa na mlango mmoja na kitundu cha kupitisha ngumi. Akaapa kumjengea mkewe nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye madirisha manne.

Fanueli alipokuwa akifyatua matofali, Lusia alishinda kivulini chini ya miti ya miwati iliyozunguka uwanja, kwenye jamvi lake, akichambua maharage. Mwili ukaanza kurudi. Akawa anamtania mumewe kwa matope yaliyomganda magotini. Fanueli aliyaona hayo kwa macho yake, na ndiyo yanayomuuma mpaka leo.

Tanuri linataka kuni, na kuni za karibu zilikuwa ile miwati.

"Baba Eliezeri, na mimi nitakaa wapi?" Lusia alimuuliza.

"Dirishani, mama. Utakaa dirishani kama mke wa bwana shamba!"

Lusia alicheka. Fanueli akaikata yote.

Tanuri liliwashwa hapo hapo uwanjani. Bonde walimoishi halina upepo, na moshi ukalala juu ya nyumba kama blanketi lililoloa. Siku ya pili Lusia alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Ndugu yangu, zima moto," alisema Andendekisye, jirani aliyekuwa akimsaidia kuchochea. "Au mpeleke kwa dada yake, ng'ambo ya kilima."

"Nikizima sasa yatabaki mabichi, mvua itayayeyusha yote. Kesho tu linakwisha."

Akamwambia mkewe aingie ndani, afunge mlango. Moshi ulikuwa umeshamtangulia humo, na haukuwa na pa kutokea.

Lusia alirudishwa wodini akitema damu. Hakutoka tena akiwa hai.

Matofali yaliiva vizuri ajabu, mekundu, hata watu wakaja kuyatazama. Fanueli alijenga, maana hakujua ayafanyie nini kingine. Kila asubuhi hufungua dirisha kubwa la chumba alichomjengea mkewe, hewa ikaingia safi kabisa. Nje kuna visiki, na katikati yake pale lilipokuwa jamvi. Hewa yote aliyoitafutia madirisha ilikuwa pale. Husimama kidogo, halafu hulifunga.