Masikio ya Vasemaca Ndani ya Mkebe

Vasemaca alikuwa anamenya mihogo barazani alipomwona binamu yake Apenisa akipanda njia, mzizi wa yaqona, ule wa kinywaji cha heshima, kwapani. Akafuta mikono, akavua sikio la kulia, kisha la kushoto, akayatia ndani ya mkebe wa biskuti na kuufunga.

Pale kwao, mtu akikuwekea yaqona mbele yako na kukuomba, nawe ukasikia, huwezi kusema hapana. Vasemaca alikuwa hajawahi kumnyima mtu. Ndiyo maana ndugu walimpenda, na ndiyo maana hakuwa na godoro.

Lakini fedha walizozifuata sasa hazikuwa zake. Zilikuwa za Losana, binti wa marehemu kaka yake, aliyekatwa mguu na lori la miwa lisilo na breki akitoka shule. Mahakama iliamuru kampuni ilipe, na fedha zikae benki mpaka mtoto atimize miaka kumi na minane. Kabla ya hapo zingetoka kwa sahihi ya shangazi tu, kwa mahitaji ya mtoto. Na mtoto hukua, mguu wa bandia haukui. Kila aliporefuka alihitaji mwingine.

Apenisa akaketi, akaweka mzizi. "Binamu, nakuomba, mashine ya boti yangu imekufa..." Akamtazama vizuri. "Aa! Umeshavua tena?"

Vasemaca akamsogezea samaki wa tui.

"Mwambie avae, dakika moja tu," Apenisa akamwambia Losana.

"Mwambie mwenyewe, mjomba. Labda atakusikia kwa pua."

Apenisa akacheka, akala, akaongeza.

Walikuja wenye harusi, wenye msiba, wazee wa kanisa na paa lao. Wote walishiba, wote walirudi na mizizi yao, wala hakuna aliyetukanwa. Asiyejua kukataa alikuwa amepata njia ya kukataa, na akili hiyo si ndogo. Haikuwa ya bure. Losana alipoimba peke yake kanisani, shangazi aliona mdomo tu, kwa kuwa wazee wa paa walikuwa wameketi nyuma yake. Miaka ikaenda, na masikio yakaanza kukauka.

Siku Losana alipotimiza kumi na minane, alirudi kutoka benki akitembea wima. Fedha zilikuwepo.

"Shangazi, vaa."

Vasemaca akavaa. La kushoto likadondoka mkebeni, halikushika tena. Losana akainamia la kulia.

"Asante, mama."

Vasemaca akalia waziwazi, bila kujifuta.

Machozi hayajakauka, Apenisa akatokea na mzizi wake, binti yake mdogo akibaki nyuma kucheza kando ya barabara. Safari hii alimwelekea Losana. Vasemaca akausogeza mkebe. Losana akavua masikio yake, laini bado, akayalaza kando ya lile kavu.

"Haya, leteni mihogo basi," Apenisa akasema.

Lori la miwa likateremka kilimani likipiga honi, maana breki halikuwa nazo.

"Toka barabarani wewe!" Apenisa akapiga kelele, akautupa mzizi, akakimbia. Mtoto akarukia mtaroni. Lori halikusimama.

Losana hakusikia kitu. Alihisi sakafu ikitetemeka, chini ya mguu mmoja.