Kioo cha Ajuza

Lori letu tunaliita Ajuza. Ni kuukuu kuliko mimi, na kila asubuhi lazima likohoe kwanza ndiyo liamke. Baba kaliendesha miaka thelathini na moja. Mwaka huu yeye ndiye aliyeanza kukohoa, na daktari alipomruhusu kurudi nyumbani hakusema amepona. Alisema tu, "Mpeni anachotaka."

Na alichotaka ni kidogo sana. Akae mbele kwenye Ajuza, mimi niendeshe, tufike barabara kuu, tugeuze, turudi. Basi. Safari ya robo saa.

Sasa nikwambie nilivyoiharibu.

Kioo cha mbele kilikuwa na ufa siku nyingi, jiwe lililorushwa na tairi la mtu. Baba kila siku, "Huo mlango ufunge taratibu." Mimi ndiyo kwanza nimemaliza shule, nasubiri matokeo, sina kazi wala subira. Nikaruka ndani nimpashie mzee injini, nikabamiza mlango. Pwaa! Kioo chote mapajani. Nikamfuata chumbani.

"Twende hivyo hivyo, Baba. Si hapo tu?"

Akanikazia macho kutoka kitandani. "Miaka thelathini na moja sijala vumbi la mtu. Nianze leo? Katafute kioo."

Kutafuta kioo cha Ajuza ni kutafuta maziwa ya kuku. Duka la kwanza walicheka. La pili, jamaa wa kaunta akaniuliza, "Hilo gari linatembea, au mnafugia bata?" La tatu wakasema kipo, njoo kesho. Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa wakanitolea kioo cha basi dogo, eti nijaribu. Siku tisa zikaliwa hivyo. Kila nikirudi, hata viatu sijavua, Baba anauliza, "Kimepatikana?" Nasema, "Kesho." Siku ya tisa hakuuliza. Aliinua nyusi tu.

Ndipo nikaelekezwa kwa fundi wa kukata vioo. Wanamwita Macho Manne, miwani yake minene kama vitako vya chupa.

"Kioo cha gari kama hilo hakinunuliwi, kijana. Kinashonwa, kama suruali," akasema. "Bahati yako, kioo chenyewe ni bapa, hakina mkunjo. Kata boksi kwa kipimo chake, uniletee."

Nikamweleza Baba. Akajiinua kwa kiwiko. Uso ukachangamka kabisa, maana hiyo kazi anaijua. "Sikiliza. Kioo kinabanwa na mpira, sawa? Sasa ukipima, usipime..." Kikohozi kikamshika. Siku hizo kikohozi chake kilikuwa kirefu, na mimi niko mlangoni tayari, boksi kwapani.

"Nimeelewa, mzee!" Nikatoka.

Sikuwa nimeelewa kitu.

Nikapima uwazi ule unaouona kwa macho, ukingo wa mpira hadi ukingo wa mpira. Siku nne baadaye Macho Manne akaja na kioo alichokata kwa boksi langu, tukajaribu kukipachika. Kikapita kama barua kwenye sanduku, Macho Manne akakidakia ndani.

"Wewe! Mpira una mfereji. Kioo kinaingia humo, kidole kizima kila upande. Nyumbani kwa dereva hakuna aliyekufundisha?"

"Alikuwa ananifundisha," nikasema. "Sikumsubiri amalize kukohoa."

Macho Manne akavua miwani, akaifuta, akavaa. Hakunitania tena.

Nilijua Baba atafoka. Akacheka! Mara ya kwanza tangu alale kitandani. "Mtoto huyu alizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono," akamwambia dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa anamuuguza. Halafu akanigeukia, sauti ndogo. "Rudia kupima. Nitasubiri."

Nikarudia. Nikaingiza kijiti ndani ya mfereji, pembe zote nne, nikahakikisha mara mbili.

Asubuhi kioo cha pili kilipofika, Dada alikuwa ameshamwogesha. Akamvalisha shati lake la kazi lenye mfuko wa kalamu, akamwegemeza kwenye mito. Tukakubaliana: nikipiga honi mara mbili, amvalishe viatu, tuje kumbeba.

Kioo kinachobanwa na mpira kinavutwa kwa kamba. Unakivisha kioo mpira wake, unaizungusha kamba kwenye mfereji wa nje, unapaka maji ya sabuni. Mmoja nje anasukuma kwa viganja, mmoja ndani anavuta kamba, na mdomo wa mpira unaikumbatia fremu pole pole. Mimi nilikuwa ndani.

"Taratibu," anasema Macho Manne. "Taratibu hivyo hivyo."

Na nilivuta taratibu. Maishani sijawahi kufanya kitu taratibu hivyo. Kilipokaa, kimekaa, hakuna pa kupita hata unywele. Nikawasha injini. Ajuza akakohoa, akaamka. Nikafunga mlango kwa vidole viwili, nikapiga honi mara mbili.

Macho Manne alikuwa mbele yangu, anafuta sabuni kwa kitambaa, anacheka, ananionyesha dole gumba. Kioo kikang'aa. Nyuma yake nikaona mlango wa nyumba unafunguka.

Dada akatoka peke yake, miguu mitupu, mkononi kiatu kimoja cha Baba. Mdomo wake ulikuwa wazi, lakini mimi nilisikia injini tu.