Kimya cha Dakika Mbili

Muziki wenyewe ulikuwa wa vituko. Wapiga fidla waligonga sakafu kwa visigino, mpiga tarumbeta alipanda juu ya kiti akapiga ukelele, na wale wa ngoma wakavunja sahani tatu nzima kwa makusudi. Watu wa Mjambere waliojaa ukumbi wa kanisa Jumamosi ile alasiri walicheka, wakashtuka, wakasonya, lakini hawakutoka.

Ruth Kahindi alikuwa akingoja zamu yake. Katikati ya muziki okestra yote hunyamaza, naye husimama mbele peke yake, fidla begani, upinde juu, asitikisike dakika mbili kamili. Ndipo apige. Brian, kiongozi wa okestra aliyetoka Nairobi, alikuwa amemwambia waziwazi: kimya kikivunjika hapa, nafasi hii kwenye tamasha la Nairobi atapewa mwingine. Ruth alikuwa ameihangaikia nafasi hiyo miezi minane.

Akasimama. Ukumbi kimya.

Hata nusu dakika haijaisha, mama yake, Kadzo, akainuka safu ya tatu. Kwa Kadzo, mtu akisimama mbele za watu na chombo chake halafu akanyamaza, basi amekwama. Na aliyekwama hutuzwa, afungwe leso apate moyo. Ndivyo wafanyavyo kwenye harusi zote alizowahi kwenda. Akavua leso yake ya begani, akapiga kigelegele, akapanda jukwaani akamfunga bintiye nayo shingoni.

"Usiogope, mwanangu. Piga hata wimbo wa kanisani, sisi tutaitikia."

Kina mama wengine, waliomjua Ruth tangu shule ya Jumapili, nao wakaanza kuinuka na leso zao. Ruth alikaribia kupasuka kwa hasira. Mkono ulimuuma, leso imeziba nyuzi, na neno hata moja hawezi kusema. Kwa nini leo? Kwa nini mama hawezi hata siku moja kukaa kitako akatazama tu kama wenzake?

Brian akashusha kifimbo kwa nguvu.

"Ruth, huyu mama ni nani? Ni wako?"

Macho yake yalikuwa yameshahamia kwa mpiga fidla wa pili. Ruth aliyaona.

"Simjui," akasema.

Vigelegele vikakatika. Kadzo akamtazama bintiye, mkono ungali kwenye fundo la leso. Akalifungua polepole, akichunga asiiguse fidla.

"Niwie radhi, baba," akamwambia Brian. "Nimemfananisha."

Akashuka. Hakurudi kwenye kiti chake. Alipita katikati ya watu mpaka mlangoni, na kina mama wakampisha. Brian akainua kifimbo, wakaanza upya. Safari hii hakuna aliyekohoa. Ruth akainua upinde, na dakika mbili zake akapewa zote.