Nyigu wa Nani

Tangu juzi nyigu wa Yasna Oyarzún walikuwa hawajala, na Yasna hakukalika. Alikwenda mbele ya geti la kitivo cha kilimo, akarudi, akalitikisa, akaanza tena. Wanafunzi walikuwa wameteka jengo na kuchomeka viti kwenye vyuma vya geti, miguu nje, kama kawaida yao hapa mjini Talca. Enzi zake za uanafunzi, yeye mwenyewe alichomeka vingi.

Ndani, ghorofa ya pili, wamo hao nyigu wadogo kuliko chembe ya pilipili manga, wanaoua nondo wa zabibu. Wa kwanza aliwakamata shambani kwa shangazi yake, akawazalisha humo kwa umeme wa chuo. Sasa amefungua kampuni, na chuo kinataka theluthi yake. Miezi yote hiyo alikuwa akimwambia wakili wa chuo, don Baltazar Iturra, neno moja tu: ni wangu.

Wakili naye alikuwa hapo nje, ofisi yake imefungiwa ndani.

"Wanangu, niacheni niingie kidogo tu," Yasna alisema.

Millaray, msemaji wa wanafunzi, akachungulia katikati ya viti. "Mwalimu, mkutano umeshaamua. Mali ya chuo tunaitunza. Mali ya kampuni, shauri yake. Hao wadudu ni wa nani?"

"Wanakufa, Millaray!"

"Ndiyo nakuuliza, ni wa nani?"

Yasna alimtupia jicho don Baltazar. Alikuwa ameacha simu yake, masikio yote huku. Kuonewa na chuo alishazoea. Kubanwa na watoto aliowafundisha mwenyewe kulimuuma zaidi.

"Wa chuo," alisema.

Viti vikavutwa. Akapanda ngazi mbio. Nyigu wengi walikuwa wamelala chali, wamekufa. Akawadondoshea asali, chakula chao; waliobaki wakaisogelea, naye akawaangalia huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Aliporudi nje, wakili alikuwa anamsubiri. "Nimesikia, daktari. Na mashahidi tunao."

"Vizuri. Basi kesho asubuhi zamu yako kuwalisha. Mimi si mwenye mali, nitakuwa nimelala."

"Mimi tena?"

"Kwani chuo ni nani, kama si wewe na hilo koti lako?"

Don Baltazar akacheka. Yasna hakucheka. Alimtia ufunguo wa chumba mkononi na kuondoka upesi, asije mwenyewe akabadili mawazo.

Wakili aliutazama ufunguo, akalitazama geti.

"Daktari! Hebu ngoja kwanza," akaita. "Wanakula nini?"