Shahidi wa Ghorofa ya Tatu

Mwalimu alifariki Alhamisi, akazikwa Jumamosi, na kufikia Jumatatu asubuhi fundi cherehani alikuwa ameshapata moyoni mahali pa kuweka cherehani yake: chini ya dirisha kubwa la marehemu, upande wa kushoto, mwanga uingie bila mkono wake kuuzuia. Aliona haya peke yake. Macho yalikuwa bado mekundu kwa kulia, na macho hayohayo yalikuwa yameshapima dirisha la watu.

Ghorofa ile ya tatu ilikuwa na wapangaji watatu tu. Mlango wa nne mwenye nyumba aliufanya stoo ya masinki yaliyopasuka. Mbele, panapotazama barabara, aliishi Mwalimu, mstaafu wa somo la hesabu, mjane asiye na mtoto. Alikuwa na chumba kikubwa chenye roshani ndogo. Nyuma aliishi fundi. Dirisha lake lilikaribiana na ukuta wa jengo la jirani kiasi kwamba angeweza kuupaka rangi bila kutoka kitandani. Mchana kweupe aliwasha taa. Mara mbili mwaka ule alishona suruali nyeusi kwa uzi wa buluu, na wenye suruali wakamrudishia wamenuna. Kando ya ngazi, katika chumba kimoja kilichopokea kishindo cha kila apandaye na kila ashukaye, aliishi msusi. Huyo alikuwa na miezi minane tu jengoni.

Nyumba ilikuwa na utaratibu wake, ulioanza baada ya wapangaji wawili kukunjana mashati wakigombea chumba kilichoachwa wazi. Anayeondoka, kwa kuhama au kwa kufa, alikuwa na haki ya kumtaja jirani wa kumwachia, ila mbele ya shahidi mmoja wa ghorofa hiyohiyo. Shahidi alimwambia msimamizi, msimamizi akaandika daftarini, mambo yakaisha. Pasipokuwa na shahidi, chumba kilikwenda kwa mpangaji mkongwe kuliko wote wa ghorofa.

Na Mwalimu alishamtaja mtu. Majuma mawili kabla hajapelekwa hospitali, msusi akiwa amekaa nyuma yake akimchana nywele, fundi ndiyo kwanza anaingia na bakuli la supu, Mwalimu alisema kwa sauti yake ya darasani kwamba akiondoka, chumba apewe msusi.

"Fundi, umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu," fundi alijibu, akageuka na bakuli lake, akatoka nalo bila kulitua.

Sasa Jumatatu hiyo msimamizi alipanda na daftari kwapani. Wapangaji walimwita Funguo, kwa lile fungu la funguo lililomning'inia kiunoni na kumtangulia kwa mlio popote aendapo.

"Pole kwa msiba, Fundi."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na pini sita midomoni.

"Kuna hili suala la chumba. Msusi amenijia, anasema marehemu alimtaja yeye. Na shahidi ni wewe."

Fundi akatoa pini ya kwanza, akaichomeka kwenye kitambaa. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Funguo alisubiri mpaka zikaisha zote.

"Ngoja nikumbuke kwanza."

"Unakumbuka nini? Kitu kimesemwa au hakikusemwa."

"Nina msiba, Funguo. Kichwa hakijakaa sawa."

"Haya. Mwenye nyumba anataka jina Ijumaa." Akashuka ngazi mbili, kisha akageuka. "Asipopatikana shahidi, utaratibu unaujua. Mkongwe wa ghorofa hii ni wewe."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemsogezea mwenzake kiti.

Siku tatu zilizofuata fundi hakushona kitu cha maana. Kila msusi alipopita koridoni, kandambili zake zikipiga sakafu, fundi alihisi zinapiga utosini mwake. Alimsikia akicheka kwenye simu, akajiambia: huyo, maiti hata hajapoa. Alimsikia akiwa kimya, akajiambia: huyo anapanga samani. Hapakuwa na namna msusi angeweza kupumua ikamridhisha.

Alikumbuka jinsi waliokuja kuhani walivyokaa kwenye mkeka koridoni, na mgeni mmoja akamshika msusi mikono miwili, akampa pole kwa kufiwa na mama. Msusi hakumsahihisha. Alisema tu, "Ahsante, tumeshapoa." Fundi alikuwa palepale, na sinia la vikombe mkononi, na hakuna aliyemwona zaidi ya kumwomba sukari.

Msusi mwenyewe alibisha hodi Alhamisi mchana.

"Dada, nimekuja tuseme. Mimi sijui kuzungukazunguka."

"Kaa basi."

"Nitasimama. Siku ile ulikuwepo au hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisikia, au ulikuwa umeziba masikio kwa pamba?"

"Mdogo wangu, usinijie juu nyumbani kwangu."

"Sikujii juu. Nauliza."

Fundi aliuacha mkasi. Maneno aliyoyameza tangu siku ya bakuli yakatoka yote kwa mkupuo. "Miaka sita! Bomba likikauka, nani alimpandishia ndoo ngazi zote hizi? Nani alimpeleka kliniki amemshika kiuno kama mtoto anayejifunza kutembea? Wewe umekuja juzi na kichanuo chako, ukampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, sasa unaondoka na chumba!"

"Nilimpaka ya nywele tu, dada."

"Unanifanyia mzaha?"

"Hapana." Msusi akakaa, ingawa alisema hatakaa. "Yeye alikuwa anakutaka wewe. Alikuuliza mara ngapi?"

Fundi akauchukua tena mkasi.

Alikuwa ameulizwa mara tatu. Mara ya kwanza roshanini, wanaanika shuka pamoja: "Fundi, siku nikiondoka, ungependa kuhamia huku?" Naye akajibu haraka, "Ah, Mwalimu, utaishi sana wewe. Na mimi kwangu pananitosha." Mara ya pili Mwalimu alimkuta amekunja shingo chini ya taa, sindano imemkataa, akauliza tena. "Pananitosha, Mwalimu, wala usijali." Mara ya tatu walikuwa wametoka kliniki, Mwalimu amekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili kuvuta pumzi. "Nakuuliza kwa mara ya mwisho, Fundi." "Kweli kabisa, sina haja." Kila mara alidhani amesema jambo jingine. Mtu aliyelelewa vizuri angemwelewa. Mgonjwa hajibiwi kwamba dirisha lake linatamaniwa. Unakataa, yeye anakubembeleza, unakataa tena, mwisho unakubali kwa shingo upande, na wote wawili mnabaki na heshima zenu. Lakini Mwalimu alifundisha hesabu miaka thelathini. Kwake jibu lilikuwa ni jibu.

"Aliniambia umekataa mara tatu," alisema msusi. "Akasema akikuuliza tena atakuwa anakusumbua."

"Ulitaka nimwambie nini? Kwamba nangoja afe?"

"Mimi nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Aliponiuliza kama nakitaka, nikasema, nakitaka sana, Mwalimu, ila wewe usiwe na haraka. Akacheka mpaka akakohoa."

Fundi akamwona, Mwalimu akicheka, bega moja limepanda, mkono kifuani. Na hapo ndipo roho ilipomuuma hasa, kuliko ilivyomuuma kwa ajili ya dirisha. Ndoo alipandisha, dawa alipanga kwa siku zake, supu alileta ikiwa na moto. Kumchekesha, hata mara moja hakuwahi. Walikuwa wakiongea kuhusu bomba, na miguu iliyovimba, na bei ya mkaa, wanapeana pole, wanaagana.

Msusi akasimama. "Nisikufiche, dada. Nikikipata sikupishi. Ngazi zimenimaliza, sijalala vizuri tangu nihamie. Lakini ukimwambia Funguo hukusikia, sitabisha. Sina shahidi mwingine." Akatoka, akavuta mlango taratibu mpaka ukajifunga. Hata upole huo ulimkera fundi. Angeubamiza, ingekuwa rahisi kumchukia.

Ijumaa asubuhi Funguo alikuwa amefungua chumba cha Mwalimu kipigwe na hewa. Ndugu walishachukua vitu. Kilibaki kitanda bila godoro na kiti kimoja. Fundi aliingia. Jua lilikuwa limelala sakafuni lote, kutoka dirishani hadi miguuni pake. Hakukusudia, lakini mkono uliingia mfukoni, ukatoa sindano na uzi. Akautia uzi tunduni mara moja tu, bila kulamba, bila kufumba jicho. Akabaki ameishika ile sindano. Neno moja lingetosha. Na halikuwa hata uongo mkubwa. Watu husahau kila siku, hasa wenye msiba.

Mlio wa funguo ulimtangulia msimamizi mlangoni.

"Kimekukaa hiki chumba," alisema Funguo. Akaketi kwenye kile kiti, akafungua daftari magotini. "Haya, nimalize kazi yangu. Niandike hukusikia?"

Fundi alitazama nje. Chini barabarani mtu alikuwa akipakua matofali kutoka kwenye mkokoteni, moja moja, na kila moja lilionekana wazi, hata nyufa zake. Kwake kule nyuma, miaka yote, hakuwahi kuona kitu chochote kwa namna ile.

"Nilisikia," alisema.

Funguo akainua uso. "Una uhakika?"

"Usiniulize mara mbili, nitabadilika. Andika."

Akaandika, polepole, ulimi nje kidogo. Kisha akasoma: "'Marehemu alisema: nikiondoka, chumba changu apewe msusi.' Ndivyo?"

"Ndivyo."

Akampa kalamu. Fundi aliishika, akauinamia ukurasa. Mstari ulikuwa mfupi, na ulikuwa umetosha. Hakuna ambaye angeuliza zaidi. Wivu ulikuwa bado unamchoma kama pini.

"Siyo," alisema. "Hakusema hivyo."

"Ee! Fundi, utaniua leo. Alisema nini sasa?"

"Alisema: apewe mwanangu msusi."

"Hilo neno linaongeza nini kwenye chumba?"

"Alilisema. Liandike."

Funguo akatafuta nafasi katikati ya mstari, akakosa, akaliandika kwa juu kwa herufi ndogo, na kimshale cha kuonyesha linapoingia. Fundi alingoja mpaka herufi ya mwisho. Akalisoma. Akatia saini.

"Nimwite msusi aje achukue funguo?"

"Mwite," alisema fundi, akielekea mlangoni. "Ila ningoje kwanza nifike kwangu nifunge mlango. Leo siwezi kumtazama."