Gunia la Debe Nne

Mwanamke anayelijua ghala lake haibiwi punje. Gaudiosa alipoingia stoo Jumatatu asubuhi akakuta magunia kumi na moja badala ya kumi na mawili, hakupiga kelele wala hakumshuku jirani. Alitazama sakafuni, akaona mahindi yaliyodondoka kuelekea mlangoni, akajua mwizi wake analala naye kitanda kimoja. Kilichomshangaza ni beseni pembeni. Mwizi alikuwa ameacha humo mahindi ya debe mbili hivi. Gunia la Babati ni la debe sita, kila mtoto anajua, sasa huyu mwizi wa debe nne alitaka nini?

Mwizi mwenyewe ni Alois, mume wake wa miaka thelathini na mmoja. Kwa miaka ishirini na sita Alois alikuwa na boti ndogo ya fiba yenye injini, akiwatembeza wageni kwenye Ziwa Babati kutazama viboko. Sasa magoti yalikuwa yamemgomea, akaamua boti ampe mkwe wake Jesse, aliyemwoa binti yao Careen na kuishi naye kisiwani Mafia. Boti ingepakiwa kwenye lori la fuso mpaka Nyamisati pwani, na kutoka hapo ingevuka bahari yenyewe. Watu walimshauri amwachie Jesse aje kuichukua. Alois akakataa katakata.

"Boti siyo ng'ombe wa mahari, eti iswagwe na washenga," alisema. "Nitaipeleka mwenyewe."

Alikuwa hajawahi kuiona bahari, ila kwenye kalenda ya parokia.

Gaudiosa naye alikuwa na lake moyoni. Careen alikuwa amejifungua wiki tatu zilizopita, mtoto wa kike, wakamwita Jenifa, mjukuu wao wa kwanza. Samli ya mzazi ilikuwa tayari kwenye galoni, na unga wa ulezi umesagwa na kufungwa. Alitaka kwenda, tena alitaka aombwe. Lakini Alois hakuomba, na yeye hakusema.

Kisa chenyewe ni cha zamani. Siku boti ilipozinduliwa Gaudiosa alipanda, kiboko akaibuka karibu, na yeye akapiga yowe lililosikika mpaka barabarani. Hilo lingesahaulika. Ila Alois akaenda kuliigiza yowe lile kwenye jumuiya ya kanisa, mbele ya wanajumuiya wote, mpaka mwenyekiti akafuta machozi ya kicheko. Gaudiosa akaapa hatakanyaga tena boti hiyo. Alois, badala ya kubembeleza, akaliheshimu neno la mke wake. Kuna heshima nyingine ni uvivu tu.

Jumatatu hiyo, alipotoka stoo, Gaudiosa alimfuata mumewe kwa Sadallah, fundi wa injini karibu na stendi, mtu aliyezaliwa Pangani. Alimkuta Alois amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anasoma mpango wake kwenye daftari: petroli lita ngapi, plagi za akiba, kamba, maji ya kunywa.

"Tunaondoka Nyamisati saa kumi na mbili kamili asubuhi," Alois alisoma, "kabla upepo haujaamka."

"Shikamoo, mama," Sadallah alimwamkia Gaudiosa, kisha akamgeukia Alois. "Mzee, na maji saa hiyo yatakuwaje?"

"Yatakuwepo. Yaende wapi?"

Sadallah alicheka mpaka akalazimika kuishika meza. Alipotulia alimweleza kwamba baharini maji huondoka na kurudi, kila siku kwa saa zake, kufuata mwezi. Kwamba ukiyakuta yamekupwa boti inakaa kwenye tope kama kuku anayeatamia, na wewe unakaa humo ukisubiri.

Alois aliliangalia daftari lake kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haina msingi. Gaudiosa hakucheka. Kusubiri maji alikujua vizuri, maana shamba lao la Mutuka halijawahi kulimwa kwa saa ya ukutani.

"Basi usipange saa wewe," alisema. "Uliza maji yanajaa lini, ndipo upange."

"Umesikia?" Sadallah akasema. "Mama ndiye nahodha. Na mnakwenda wangapi?"

Alois alikohoa. "Wawili."

"Wa pili nani?"

"Tutaona." Akafunga daftari, akaondoka akisema anaenda kuijaribu boti na mzigo wake.

Maneno hayo yalimkata Gaudiosa maini. Wa pili ni Vicent, alijisemea, mdogo wake Alois, ambaye hata kunyonyesha mtoto hajui kunafananaje. Alirudi nyumbani Bagara, akaanza kuchambua maharage, akajikuta anatupa mazima na kuweka mabovu. Saa nne akajifunga khanga, akateremka ziwani kudai mahindi yake. Kama hatapelekwa kwa mjukuu, basi angalau asiibiwe.

Alikuta boti imefungwa kwenye matete na Alois anahangaika na kamba. Kwenye kiti cha mbele lilikaa gunia lake, limevalishwa jaketi la kuokolea, limefungwa vifungo vyote vitatu.

"Hicho ni nini, Baba Careen?"

"Uzito tu. Wa yule abiria mwingine. Lazima nione boti inakaaje majini."

"Vicent si wa debe nne. Yule ni debe tano na ugomvi juu."

Alois akaendelea kufungua fundo ambalo lilikuwa limeshafunguka.

Gaudiosa ameuza mahindi tangu usichana. Hesabu ya debe haimsumbui. Debe moja kilo kumi na nane. Nne, sabini na mbili. Mwezi uliopita zahanati walimpandisha kwenye mizani kwa ajili ya presha, wakamsomea sabini na mbili, na hakumwambia mtu yeyote. Alisimama pale kwenye tope, uso ukamwaka joto. Mtu huyu alikuwa amemzungusha ziwani asubuhi hiyo, akamfunga na vifungo asianguke, bila kumwambia neno.

"Teremsha hilo gunia," alisema.

Alois aliliteremsha. Gaudiosa akavaa jaketi, akapanda, akakaa, akashika ubao kwa mikono miwili. Walipofika katikati ya ziwa, Alois alizima injini. Viboko walikuwa mbali, upande wa Nangara.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Halafu?"

Alois alitazama maji. "Halafu nisingeweza kwenda. Mama Careen, mimi naogopa. Hapa nikiinua macho naona ng'ambo, kokote niangaliako. Sadallah anasema kule kuna mahali huoni ulikotoka wala unakokwenda. Nimejaribu kujiona hapo peke yangu, nimeshindwa. Nimejiona na Vicent, nimeshindwa vilevile."

Gaudiosa alikuwa amejiita mwoga wa nyumba ile kwa miaka ishirini na sita. Alimhurumia, kisha akamkasirikia, kisha akampenda sana, yote kabla boti haijageuka na upepo.

"Niulize," alisema.

"Utakwenda na mimi?"

"Siendi."

Alois aliinamisha kichwa, akapeleka mkono kwenye kamba ya injini. Mkono ukasimama hapo. Akauondoa, akamgeukia mke wake, na sauti yake ilikuwa ya kijana anayebisha hodi ukweni.

"Gaudiosa. Utakwenda na mimi?"

"Nitakwenda," alisema.